Karo Imelipwa, Ndege Haipai

Mwanafunzi wa urubani ameketi kando ya banda la ndege, Uwanja wa Wilson, Nairobi. Karo amemaliza kulipa, lakini daftari lake la saa za kuruka halijaongezeka hata mstari mmoja. Kila akiuliza, chuo kinamjibu: "Ndege iko kwa fundi, njoo kesho." Mvua ikinyesha au ndege ikiharibika, asubiri, usalama kwanza. Lakini kupokea karo bila ndege wala wakufunzi wa kutosha ni dhuluma. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa, habari anazohitaji, na fidia akipata hasara. Mwanafunzi, dai mkataba wenye tarehe, tunza risiti, andika malalamiko. Mzazi aliyeuza shamba ili kulipa karo hapaswi kuambulia ahadi.