Kufuata Nyayo za Kifurushi

Leo twataka kusema habari za vifurushi vitokavyo nchi za mbali kuja kwetu Kasulu na Kibondo, na jinsi mtu awezavyo kufuata nyayo za kifurushi chake bila kutoka nyumbani kwake.

Pengine mmoja wenu atasema, "Jambo hili ni la watu wa mijini." Sivyo. Wako watoto wetu waliokwenda ng'ambo kusoma, wako waliokwenda Uarabuni kutafuta kazi, na wako majirani zetu waliokaa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, kisha wakapelekwa kukaa Marekani na nchi nyingine. Hao wote hukumbuka walikotoka, na amkumbukaye mzazi wake humtumia kitu.

Tuanze na kisa tulichokiona kwa macho yetu. Katika mji mmoja wa nyanda hizi za juu, ambao hatuutaji, yuko mwalimu mzee aliyestaafu, ambaye alitufundisha wengi wetu kusoma. Macho yake yamepungua nguvu. Binti yake aliye ng'ambo akamtumia miwani mizuri pamoja na mashati mawili, kisha akampigia simu na kumsomea namba ya kifurushi, na mjukuu akaiandika katika daftari. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Kila Jumatatu mzee alikwenda posta, na kila Jumatatu karani kijana alimjibu, "Shikamoo mzee. Bado hakijafika." Mjukuu akaitafuta namba ile kwa simu, ikajibu kwamba habari zake hazipo.

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema karani amenunua viatu vipya. Mwingine alisema viatu havinunuliwi kwa mshahara. Mwishowe mzee akasema mbele ya watu wote waliosimama dirishani, "Wewe umeila miwani yangu." Nasi tulikuwapo. Hatukumtetea yule kijana. Twakiri kwamba tulitikisa vichwa kana kwamba tumeyaona kwa macho. Mtarejea katika kisa hiki pamoja nasi, lakini kwanza yafaa tujue kazi hii yaendeshwaje.

Zamani kila nchi ilipatana peke yake na nchi nyingine juu ya barua, na gharama za barua moja zilihesabiwa kwa namna nyingi kadiri ya nchi ilizopita. Tarehe 9 Oktoba, 1874, wajumbe wa nchi 22 walitia sahihi mapatano katika mji wa Bern, Uswisi, wakaanzisha umoja ambao tangu mwaka 1878 huitwa Umoja wa Posta Duniani. Shauri lao lilikuwa kwamba nchi zote za umoja zihesabiwe kuwa kama nchi moja kwa mambo ya barua. Sasa nchi za umoja huo ni 192, na Tanzania imo. Kwa hiyo posta ya ugenini hupokea fedha za stempu, na karani wetu hukabidhi kifurushi asichokiona kikitoka. Ni kazi ya mikono mingi isiyojuana.

Na mikono isiyojuana yahitaji alama moja inayojulikana na wote. Alama hiyo ndiyo namba ya kifurushi. Ina nafasi 13: herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa katikati, na herufi mbili mwishoni. Herufi ya kwanza yaonyesha kifurushi ni cha namna gani. R ni kitu kilichorejistiwa, C ni kifurushi cha kawaida, E ni kile cha upesi kiitwacho EMS. Ikiwa ni U, mara nyingi ni kitu cha bei nafuu kisichofuatwa njia nzima, basi msishangae kikinyamaza. Herufi mbili za mwisho zaonyesha nchi kilikotumwa: TZ ni Tanzania, KE ni Kenya, BI ni Burundi, GB ni Uingereza, CN ni China. Watu wengi hudhani ni nchi kinakokwenda. Hilo ni kosa. Kifurushi kilichotumwa kutoka Uingereza kuja Kasulu huishia na GB mpaka siku mtakapokipokea.

Sasa wanafunzi wachukue kalamu. Tarakimu nane za kwanza ni namba yenyewe, na ile ya tisa ni mlinzi wake. Tuseme namba ni 12345678. Zidisha kila tarakimu, kwa mfuatano, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Mtapata 8, 12, 12, 8, 15, 30, 63 na 56. Jumlisheni, jumla ni 204. Gawanyeni kwa 11, hubaki 6. Toeni 6 katika 11. Jibu ni 5. Basi mlinzi ni 5, na namba kamili ya kitu kilichorejistiwa hapa kwetu ingeweza kuwa RR123456785TZ. Mkipata 10, mlinzi huandikwa 0; mkipata 11, huandikwa 5. Sasa mtu akikosea akaandika 12354678, jumla itakuwa 203, nayo mlinzi wake atakuwa 6. Mkiona 5 mahali pa 6, mwajua kwamba namba imeandikwa vibaya, kabla ya kumlaumu mtu ye yote.

Tuifuate safari yenyewe. Kifurushi hupokelewa katika posta ya mtumaji, na ile mistari myeusi iliyo juu yake husomwa kwa chombo. Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Halafu hupelekwa katika ofisi kubwa ambako posta za nchi hubadilishana mizigo. Hapo husomwa kikiingia, kisha husomwa kikitoka, ndani ya mfuko uliofungwa. Baada ya hapo huja kimya. Mfuko umo katika ndege, au wangoja ndege katika mji wa njiani, wala hakuna aufunguaye. Kimya hicho huweza kuwa cha siku chache au cha majuma. Wengi hukata tamaa hapo, na kumbe kifurushi ki salama.

Mfuko ukifika Tanzania, kwa kawaida Dar es Salaam, hufunguliwa, kila kifurushi kikasomwa tena, kikaonyeshwa watu wa forodha. Wao hutazama karatasi iliyobandikwa juu yake, iliyoandikwa vitu vilivyomo na thamani yake. Pengine hutozwa ushuru, pengine huachiliwa. Kisha huanza safari ya kuja kwetu. Tukumbuke kwamba toka Dar es Salaam hata Kigoma, kwa njia ya reli iliyofika ziwani mwaka 1914, ni zaidi ya kilometa 1,200, na toka Kigoma hupandishwa milimani Kasulu, kikaendelea Kibondo. Kifurushi kikifika posta yetu husomwa, na kikikabidhiwa husomwa mara ya mwisho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hili ndilo daftari lenyewe, nalo huandikwa na nchi mbili.

Kwa kuwa huandikwa na nchi mbili, halisomwi mahali pamoja tu. Mpaka kifurushi kitoke ugenini, tazameni katika tovuti ya posta ya nchi ile. Kikisha kutoka, tazameni pia katika tovuti ya Shirika la Posta Tanzania. Makampuni ya kusafirisha mizigo yana namba zake yenyewe zisizo na nafasi 13 kama hizi. Namba hizo hutafutwa kwa wenyewe, wala karani wa posta hawezi kuzijibu.

Sasa turudi kwa mwalimu mzee. Katika chuo chetu tulikuwa tukiwafundisha vijana hesabu ya mlinzi kama tulivyowaeleza ninyi. Kijana mmoja, ambaye ni jirani ya mzee, akaenda jioni akaomba lile daftari. Akazidisha, akajumlisha, akagawanya. Mlinzi akakataa. Akarudia mara ya pili, mlinzi akakataa. Usiku ule ule binti akapigiwa simu, akaisoma tena namba katika stakabadhi yake, tarakimu moja moja, na mjukuu akaona kwamba tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Kwa namba iliyo sawa habari zote zikaonekana. Kifurushi kilipokelewa, kikafika ofisi ya kubadilishana mizigo kule kule ugenini, kisha kikarudishwa kwa mtumaji. Katika karatasi ya forodha binti alikuwa ameandika neno moja tu, "zawadi". Tangu tarehe 1 Januari, 2021, kwa sheria za Umoja wa Posta, habari za bidhaa iliyomo sharti zitangulie kwa njia ya umeme kabla ya mfuko kufika, na neno "zawadi" halisemi kitu. Nayo hati ya kumwita binti aje akichukue ilikwenda katika nyumba aliyokwisha kuihama. Miwani ilikuwa rafuni majuma mengi katika nchi ambayo karani wetu hajapata kuiona.

Asubuhi mwalimu mzee alikwenda posta, nasi tukamfuata, maana lawama ilikuwa yetu pia. Karani alipomwona alisimama, akasema kama siku zote, "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia, kisha akasema kwa sauti ile ile aliyomshtaki nayo, watu wote wakisikia, "Mwanangu, nilikusingizia. Nisamehe." Kijana akainamisha kichwa, asiweze kujibu mara moja. Nasi tukaomba radhi. Lakini twajua kwamba watu wengine waliosikia shtaka hawakuwapo siku ya kuomba radhi, na kijana yule angali anakutana nao sokoni.

Basi, wasikilizaji, twawaachia maneno matano. La kwanza: mwambieni mtumaji aandike jina lenu kamili, sanduku la posta na namba ya simu, na ataje kila kitu kilichomo kwa jina lake: miwani, mashati, vitabu. La pili: namba iandikwe kutoka katika stakabadhi, isomwe mara mbili, na mlinzi wake ahesabiwe. La tatu: mtu akiwapigia simu kusema kifurushi kimekwama na mtume fedha kwa namba yake, msitume. Ulizeni kwanza namba ya kifurushi, mwende nayo posta wenyewe. Ushuru wa kweli hulipwa serikalini, na mlipaji hupewa stakabadhi. La nne: kikikawia mno, mtumaji na apeleke maulizo katika posta yake kabla ya miezi sita kupita tangu siku ya kutuma, kwa kuwa baadaye hayapokelewi. La tano: kabla ya kumwita mtu mwizi, hesabuni.

Binti alituma mara ya pili, na karatasi akaijaza vizuri. Safari hii mjukuu aliifuata namba kila juma, akamsomea babu yake: kimeondoka, kimefika Dar es Salaam, kimetoka forodhani. Siku kilipofika, karani hakungoja Jumatatu, alimpigia mzee simu mwenyewe. Mzee alivaa miwani pale pale dirishani, akaitazama ile namba iliyo juu ya karatasi, akaisoma yote bila kusaidiwa.

Kwaherini.