Kuingia Siyo Kufaa: Oili na Filta ya Gari Lako la Kwanza

(Mazungumzo kwa familia mpya, Jumamosi asubuhi. Tunayachapisha kwa ajili ya wale walioshindwa kufika.)

  

Kuna swali ninaloulizwa ofisini karibu kila wiki. Umelinda magari ya watu kule ufukweni, umeweka randi juu ya randi, mwisho umenunua gari lako, la zamani lakini lako. Sasa gereji inataka pesa nyingi kubadilisha oili, na jirani anakwambia, "Kazi hiyo unaweza mwenyewe." Jirani anasema kweli, unaweza. Lakini kosa kubwa halifanyiki ukiwa chini ya gari. Linafanyika dukani, kabla hujashika spana. Kwa hiyo leo nitasema zaidi juu ya kununua.

Mwenzenu nimeshaumwa na nyoka, ndiyo maana naogopa hata ung'ongo. Gari langu la kwanza hapa Durban lilikuwa Toyota Tazz, vile vigari vilivyotengenezwa hapa hapa Prospecton mpaka 2006. Nililinunua kwa akiba ya miaka miwili. Mke wangu alikuwa anauza mboga, na gari hilo ndilo lingembebea mzigo alfajiri kutoka sokoni Warwick. Siku ya kubadilisha oili nilinunua filta kwa muuzaji wa kando ya barabara. Haikuwa na boksi. Nikamuuliza, "Hii ni ya Tazz?" Akanijibu, "Inaingia." Nikaifunga, na kweli ikaingia, ikakaza.

Siku ya nne, nikirudi usiku kutoka Isipingo, taa nyekundu yenye picha ya kibirika cha oili ikawaka. Niliogopa kusimama gizani. Nikajiambia, nyumbani si mbali. Kabla sijafika injini ilianza kugonga kama nyundo, kisha ikanyamaza. Filta ilikuwa imeachia, na oili yote imebaki barabarani. Fundi alinionyesha sababu kwa kipimo chake. Tundu la filta ile lilikuwa la milimita 20. Kishina cha kwenye injini, kile chenye nyuzi za kukazia filta, kilikuwa cha inchi robo tatu, yaani milimita 19 na kidogo. Tofauti haifiki milimita moja. Kwa jicho huioni. Ukikaza inakubali, lakini injini ikipata moto na kutikisika, inaachia. Mke wangu alirudi kubeba mzigo kwa teksi mwaka mzima.

Kwa hiyo neno la kwanza la leo ni hili: kuingia siyo kufaa. Usinunue filta kwa kuilinganisha na ile ya zamani, maana huenda mwenye gari kabla yako naye alikosea. Inunue kwa gari lenyewe. Na huhitaji Kiingereza kingi. Piga picha ile diski ya leseni iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Ina aina ya gari, namba ya VIN na namba ya injini. Nenda nayo kwenye duka la vipuri, kama Midas au AutoZone, pamoja na jina la modeli na mwaka wa gari. Muuzaji atatafuta kwenye katalogi yake na kukupa namba ya filta. Hakikisha namba iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye filta ni ileile.

Tena, hata nyuzi zikilingana, ndani kunaweza kutofautiana. Filta ina vali ndogo inayofunguka karatasi ya ndani ikiziba, ili injini isikose oili. Kila injini imepangiwa presha yake ya kufungua vali hiyo. Filta mbili zinaweza kufanana nje kama mapacha, ndani zikawa watu wawili mbalimbali.

Sasa oili. Dumu la oili, au bidoni kama tunavyosema sisi wa Kivu, lina maandishi mengi ya kujisifu. Wewe tafuta vitu viwili tu.

Cha kwanza ni namba za unene, kwa mfano 5W-30, 10W-40 au 20W-50. Herufi W inahusu baridi. Namba iliyo kabla yake inaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inafika haraka zaidi asubuhi. Namba ya mwisho ni unene wake injini ikiwa na moto. Wengi wetu tunaamini oili nzito ndiyo bora, hasa kwa kuwa Durban ni mji wa joto. Siyo hivyo. Injini nyingi za siku hizi zina njia nyembamba za oili, na kitabu chake kikitaka 5W-30, ukiweka 20W-50 oili itachelewa kufika juu kila unapowasha. Injini ya zamani inaweza kuwa imeruhusiwa oili nzito, lakini anayeruhusu ni kitabu cha gari. Kama kitabu kimepotea, muuzaji yuleyule wa katalogi anaweza kukutafutia.

Cha pili ni herufi za API. Ikianza na S, ni ya injini za petroli. Ikianza na C, ni ya dizeli. Kwa petroli, herufi ya pili ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, oili ni ya kiwango kipya zaidi: SN ilikuja baada ya SM, na SP ilianza 2020. Kipya kinaweza kutumika mahali pa cha zamani. Cha zamani kisichukue nafasi ya kipya. Kwa dizeli usikisie hata kidogo, fuata kitabu, hasa kama gari lina chujio la moshi.

Usinunue oili iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na maandishi, wala dumu ambalo kifuniko chake kimeshafunguliwa. Omba risiti, uitunze. Magari mengi madogo huchukua lita 3 mpaka 4 na nusu, kwa hiyo dumu la lita 5 linatosha, lakini usilimwage lote kwa sababu umelilipia. Oili ikizidi hupigwa povu ndani ya injini, na povu halilainishi chuma. Nunua pia washa mpya ya nati ya kumwagia oili.

Siku ya kazi, tafuta mahali tambarare na pagumu. Wengi tunaishi kwenye maghorofa ambako hairuhusiwi kutengeneza gari kwenye maegesho, na huko Berea barabara nyingi ni za mteremko. Muombe ndugu mwenye ua. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi. Ukitoa filta ya zamani, angalia kama mpira wake umetoka nayo. Ukibaki kwenye injini na wewe ukafunga mpya juu yake, oili itavuja yote. Mpira mpya upake oili kidogo, kaza kwa mkono kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Kisha washa. Taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Chungulia chini kama kuna tone. Zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti: oili ikae kati ya alama mbili.

Oili chafu je? Kule kwetu tulikuwa tunapaka kwenye miti kuzuia mchwa. Hapa usipake, na usimwage kwenye mtaro. Mitaro ya mvua ya Durban inakwenda bandarini na baharini bila kusafishwa, na sheria inakataza. Rudisha oili ndani ya dumu tupu, bila kuchanganya na maji wala kitu kingine, ulize duka la vipuri au kituo cha mafuta kama wanapokea. Taasisi ya ROSE imekuwa ikishughulikia ukusanyaji wa oili chafu nchini tangu 1994.

Andika kilomita na tarehe kwenye daftari. Wewe unayeendesha Uber au Bolt, kilomita 10,000 zinakufikia kwa miezi michache, usisubiri mwaka.

Na ile taa nyekundu ikiwaka njiani, sogea mahali salama ulipo karibu napo, uzime injini papo hapo. Usifanye hesabu ya umbali wa nyumbani kama nilivyofanya mimi.

Asiyeelewa maandishi ya dumu lake aje nalo ofisini kabla hajalifungua. Tutalisoma pamoja.