Mtoto Njiti: Tusiyaachie Matone Njiani

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la afya ya mama na mtoto)

Wazee wetu, akina mama, akina baba, na nyanya zetu ambao najua ndio wenye neno la mwisho nyumbani.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari, na leo nimebeba habari moja kutoka wodi ya watoto wachanga: matone ya madini ya chuma na vitamini D ambayo mtoto njiti hupewa, kisha yakaachwa kabla ya wakati.

Mtoto njiti ni aliyezaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37. Sote tunaona udogo wa mwili wake. Tusichokiona ni ubongo. Mimba ikiwa ya wiki 35, ubongo wa mtoto una takriban theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao kufikia wiki ya 40. Tena ni katika miezi mitatu ya mwisho ndipo mtoto hupata sehemu kubwa ya akiba yake ya chuma kutoka kwa mama. Akizaliwa mapema, akiba hiyo haijajaa. Kisha anakua kwa kasi, na kile kidogo alicho nacho kinaisha upesi.

Wengi tunajua chuma ni cha damu. Ni kweli, lakini ubongo nao unakihitaji, kwa nguvu zake na kwa kutengeneza utando unaofunika mishipa ya fahamu ili ujumbe upite haraka. Linalonitia wasiwasi ni hili: chuma kikipungua kwa muda mrefu utotoni, athari katika kujifunza zinaweza kubaki hata baada ya damu kuongezeka. Kwa hiyo hatungoji mtoto apauke ndipo tuanze.

Kwa nini watu huyaacha? Mara nyingi ni kwa furaha. Mtoto amenona, majirani wanasifu, chupa inapandishwa juu ya kabati. Jamani, mashavu hayapimi chuma! Wengine hushtushwa na choo kilichogeuka cheusi au kijani. Chuma hubadilisha rangi ya choo, hilo ni la kawaida. Lakini ukiona damu, mrudishe hospitalini mara moja.

Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo hubadilika mtoto anapokua. Usimpe matone ya mtoto wa jirani, wala usiongeze leo kufidia jana uliyosahau. Chuma kikizidi ni sumu, na chupa ikae mbali na ndugu zake wadogo.

Matone hayachukui nafasi ya maziwa ya mama. Mtoto asiyeweza kunyonya bado hulishwa maziwa yaliyokamuliwa, na ili yasikauke mama hukamua mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Hapa nawageukia akina baba. Mama anayeamka saa nane za usiku kukamua hafai kuamka tena alfajiri kuteka maji na kuchanja kuni. Nawe unaweza kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mtindo huu wa kangaruu ulianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za kuwapa watoto joto zilipokuwa haba, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri uanze mara tu baada ya kuzaliwa.

Maziwa ya mama yakichelewa, mwambie muuguzi. Usiombe ya jirani, kwa sababu maziwa ya kuchangiwa lazima yapimwe na kutibiwa kwa joto kwanza, kama yanavyofanyiwa katika benki ya maziwa iliyofunguliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019.

Na nyanya, najua uji na maziwa ya ng'ombe unavitoa kwa upendo mtoto anapolia. Tumbo lake halijawa tayari. Ukimlinganisha na wenzake, ondoa ile miezi aliyowahi: aliyezaliwa miezi miwili mapema, akifika miezi sita, mtazame kama wa miezi minne.

Sasa namkabidhi kipaza sauti muuguzi. Aliye na kijitabu cha mama na mtoto akifungue penye uzito, na aliyekuja na chupa ya matone aje mbele aonyeshwe kipimo cha leo.