Nani Humtuma Kijana Chuoni?

Ndugu walimu, ndugu watumishi wa umma,

Mwaka 1975 Taifa letu, kwa msaada wa Sweden, lilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Shabaha ilikuwa kwamba mtu mzima, hata aliyeishia darasa la saba, apate ufundi na maarifa, kisha arudi kukijenga kijiji chake. Mkoani Katavi chuo hicho kipo Msaginya. Hatuna budi kujiuliza: ni mambo gani humfanya kijana ajiunge nacho, au akipite?

La kwanza ni mtumaji. Hapo awali kijiji ndicho kilichomteua mwanafunzi, nacho kilimsubiri arudi. Siku hizi kijana huenda kwa nguvu za wazazi wake. Aliyetumwa na wenziwe huona masomo kuwa ni wajibu. Asiyetumwa huanza kwa kuhesabu gharama.

La pili ni umbali na msimu. Kutoka Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, au kutoka Mishamo, si mwendo wa kwenda na kurudi kila siku. Bila bweni, kijana huyo hana chuo. Tena mvua zikianza, mikono yote huhitajika katika mahindi, mpunga na tumbaku. Mzazi anayemzuia mwanawe wakati huo si mjinga. Analinda chakula cha nyumba yake. Kwa hiyo kozi fupi zifuate mavuno.

La tatu ni wasichana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliuonyesha mkoa huu ukiongoza nchini: asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu waliojifungua kurudi masomoni. Lakini ruhusa haimbebi mtoto. Palipo na malezi ya watoto chuoni, mama huyo husoma. Pasipo na malezi, hubaki nyumbani.

La nne linatuhusu sisi wenyewe. Mara ngapi tumewatisha wanafunzi kwamba wakishindwa mtihani wataishia kwenye useremala? Nani atapenda kwenda mahali palipotangazwa kuwa ni adhabu?

Ndugu zangu, wajibu wetu uko wazi. Mwalimu akitaje chuo kwa heshima darasani. Mtendaji wa kijiji na balozi wa shina wawaorodheshe vijana walioachwa nje ya masomo, na mkutano wa kijiji uamue nani atumwe, kwa msaada gani. Kijiji kikimtuma kijana wake, kitakuwa pia na haki ya kumdai matunda.