Mifupa Hujengwa Utotoni: Nafasi ya Dagaa, Ulezi na Mboga za Majani



Bibi akiteleza na kuvunjika nyonga, jirani husema ni uzee. Uzee umo, lakini chanzo huweza kuwa cha zamani sana: alichopakuliwa alipokuwa mtoto. Asilimia 99 ya kalsiamu yote mwilini imo kwenye mifupa na meno. Mfupa huongezeka uimara tangu utotoni, kwa kasi kubwa wakati wa balehe, hadi kukaribia miaka 30. Baada ya hapo kazi ni kulinda kilichopo, na kwa mwanamke uimara huo hupungua haraka hedhi ikikoma. Ndiyo maana kijana wa balehe anashauriwa kupata miligramu 1300 za kalsiamu kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida hutosheka na 1000.

Glasi ya maziwa ya mililita 250 hutoa takriban miligramu 300. Tuwe wakweli, wahudumu wa afya ngazi ya jamii: kaya nyingi tunazozitembelea hazinunui maziwa kila siku. Zinakula ugali, na unga wa mahindi hauna hata miligramu 10 za kalsiamu katika gramu 100.

Wapo wanaoamini jua letu linatosha kuimarisha mifupa. Jua ni la lazima, kwani ngozi hutengeneza vitamini D, nayo husaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Lakini huko Jos, Nigeria, madaktari walikuta watoto wenye matege katika nchi iliyojaa jua. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa uhaba wa kalsiamu kwenye chakula, na watoto waliopewa kalsiamu walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Baadaye, huko huko Nigeria, watoto walitibiwa kwa samaki waliosagwa, nao wakapata nafuu.

Sisi samaki huyo tunaye, na hatumthamini. Dagaa huliwa mzima, mfupa na nyama, na gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya miligramu 1000 za kalsiamu, pamoja na protini ambayo mfupa hauwezi kujengwa bila hiyo. Hata hivyo sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku, na nyumbani tunawakata vichwa, kisha mtoto anamwagiwa mchuzi juu ya ugali huku dagaa wenyewe wakiliwa na wakubwa. Hili linaniuma. Mfundisheni mama achague dagaa wasiotiwa chumvi, kwa sababu chumvi nyingi huongeza kalsiamu inayopotea kwenye mkojo. Awaoshe mchanga wote, awakaushe juu ya moto mdogo, awasage walaini, na atie kijiko kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita.

Uji huo ukiwa wa ulezi, ni bora zaidi: gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu. Kasoro yake ni fitati, ambayo hushika kalsiamu isifyonzwe. Bibi zetu walikuwa na dawa yake walipoloweka ulezi, wakauchipusha kuwa kimea na kupika togwa. Kuchipusha na kuchachusha hupunguza fitati hiyo. Tuurudishe utaratibu huo jikoni.

Mchicha una kalsiamu nyingi, ila oksalati iliyomo huifunga, hivyo mwili huambulia kidogo. Msiuache, una faida nyingine. Upikeni kwa zamu na sukuma wiki au kabichi ya kichina, ambazo kalsiamu yake hufyonzwa vizuri.

Sasa supu ya makongoro. Mgonjwa akivunjika mguu, familia hujinyima ili impelekee supu kila asubuhi. Mfupa ukichemshwa hubaki na karibu kalsiamu yake yote. Kinachoingia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Supu inamchangamsha mgonjwa na haina ubaya, lakini fedha hiyo ikinunua dagaa, maharage na mayai, itamjenga zaidi.

Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro waongeze onyo moja: magadi ya kulainishia maharage mara nyingi yana floridi nyingi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa. Kuloweka maharage usiku kucha kunatosha.

Wiki ijayo, mama akija kliniki kumpima mtoto uzito, msiishie kumwuliza kama nyumbani wanapika dagaa. Mwulizeni jana mtoto alipewa dagaa wenyewe, au mchuzi wake.