Kocha aliyenyamaza

Wengi wetu tumelelewa na kandanda, na besiboli tunaisikia kwa mbali tu. Kwa hiyo nianze na maelezo kidogo. Mtu mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu. Mwingine amesimama na rungu akingoja kuupiga. Akiupiga ukaruka hewani hadi ng'ambo ya uzio, anazunguka vituo vyote vinne pasipo bughudha na timu yake inapata pointi. Pigo hilo huitwa homurani. Lakini mrushaji akimwogopa mpigaji, anaweza kumkwepa kwa kurusha mipira minne nje ya eneo halali, na mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Sheria inaruhusu. Naomba ulishike hilo, maana ndiko ninakoelekea.

Bingwa wa homurani ni Sadaharu Oh, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1940, baba Mchina na mama Mjapani. Mwaka 1957, akiwa kijana wa sekondari, ndiye aliyekuwa mrushaji wa shule yake ya Waseda Jitsugyo ilipotwaa ubingwa wa mashindano makubwa ya shule katika uwanja wa Koshien. Mwaka huo huo ikaja zamu ya michezo ya taifa. Wenzake wakacheza, yeye akazuiwa: hakuwa raia wa Japani. Amezaliwa hapo, amesoma hapo, shule ameiletea kombe, lakini karatasi zinasema ni mgeni.

Mwaka 1959 aliingia klabu kubwa kuliko zote nchini humo, Yomiuri Giants, na mwanzo wake ulikuwa wa aibu. Alikosa mpira mara nyingi mno kiasi cha kuzomewa na watazamaji. Aliyemwokoa ni kocha, Hiroshi Arakawa, mwaka 1962. Arakawa alimfundisha kuinua mguu mmoja kabla ya kupiga, kama korongo ziwani, na kumfanyisha mazoezi ya kukata karatasi inayoning'inia kwa upanga ili viganja vyake vijifunze kutulia. Mwaka 1964 Oh alipiga homurani 55 katika msimu mmoja. Septemba 3, 1977 alipiga ya 756 na kuipita idadi ya Hank Aaron wa Marekani. Alipostaafu mwaka 1980 alikuwa nazo 868.

Sasa tuje kwenye ukocha, ambao ndio ulionileta kwenye kipaza sauti leo.

Giants walimkabidhi timu mwaka 1984. Katika misimu mitano alipata ubingwa wa ligi mara moja tu, 1987, na akaondoka baada ya msimu wa 1988. Lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni mwaka 1985. Mmarekani Randy Bass, wa timu hasimu ya Hanshin Tigers, alikuwa amefikisha homurani 54, moja pungufu ya rekodi ya Oh, na mechi zake mbili za mwisho zilikuwa dhidi ya Giants wa Oh. Warushaji wa Giants wakampa kituo cha kwanza bure, akirudi wanampa tena. Oh alikana kwamba alitoa amri hiyo. Mrushaji mmoja Mmarekani wa Giants alikuja kueleza kwamba kocha mmoja aliwatishia faini ya dola 1,000 kwa kila mpira halali watakaomrushia Bass.

Mimi niko tayari kuamini kwamba Oh hakuamuru. Lakini kocha mkuu si mtazamaji. Angesimama na kusema, "Mrushieni," wangemrushia. Na katika uwanja ule wote, nani aliyejua kuliko yeye uchungu wa kunyimwa mchezo kwa sababu ya asili yako?

Mtu atasema hilo lilitokea mara moja, tumsamehe. Halikutokea mara moja. Mwaka 2001 Tuffy Rhodes, Mmarekani mwingine, alifikisha 55 na kukutana na Hawks wa Fukuoka, timu aliyokuwa akiifundisha Oh wakati huo. Akakwepwa vile vile. Msaidizi mmoja wa Oh alisema waziwazi kwamba haipendezi mgeni kuivunja rekodi hiyo, na kamishna wa besiboli akakemea. Mwaka 2002 ikawa zamu ya Alex Cabrera wa Venezuela: 55, Hawks, mambo yale yale.

Na bado sitaki umwone Oh kuwa mtu mdogo, kwa sababu siye. Hawks alioupokea mwaka 1995 ulikuwa mzigo. Mwaka uliofuata mashabiki walilirushia mayai basi la timu yake pale Osaka. Fikiria: mtu wa homurani 868 ameketi ndani, dirisha linachuruzika ute. Wengine wangefunga virago. Yeye alibaki, akajenga kikosi cha vijana, na mwaka 1999 wakawa mabingwa wa Japani, wakarudia 2003. Mwaka 2006 aliiongoza timu ya taifa kuichapa Cuba 10 kwa 6 na kutwaa kombe la kwanza la dunia la besiboli. Miezi michache baadaye aliondolewa tumbo zima la chakula kwa ajili ya saratani, na msimu uliofuata alikuwa benchini tena. Alistaafu ukocha mwaka 2008.

Ndiyo maana ukimya ule unanisumbua. Mtu aliyestahimili mayai angeshindwaje kustahimili kupitwa?

Rekodi yenyewe ilivunjwa Septemba 15, 2013 na mgeni vile vile, Wladimir Balentien wa Curaçao, aliyekuwa akichezea Yakult Swallows. Siku hiyo wapinzani walikuwa Hanshin, timu ile ile ya Bass. Walimrushia, naye akapiga ya 56, na katika mechi hiyo hiyo akapiga ya 57. Msimu ulipokwisha alikuwa nazo 60.