Namba ni ya Mtu, Simu ni Chombo tu
Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Bangwe kuhusu usajili wa laini



Mvuvi wa dagaa anaporejea alfajiri, mara nyingi bei huwa imekwishapatanwa kwa simu kabla mtumbwi haujagusa mchanga, na malipo huingia kwa simu hiyo hiyo. Siku simu hiyo inapotumbukia ziwani, hofu ya kwanza huwa kwamba fedha nazo zimezama. La hasha. Kilichozama ni chombo. Fedha, namba na kifurushi kilichonunuliwa jana vimehifadhiwa katika mitambo ya kampuni ya simu, chini ya jina la mtu. Swali kubwa ni moja: jina hilo ni la nani?

Yapo mambo matatu ambayo huchanganywa. La kwanza ni simu yenyewe, ambayo ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15. Huonekana kwa kubonyeza *#06#. Kwa namba hizo, simu bandia zilitambuliwa na kuzimwa nchini tarehe 16 Juni 2016. Aliyezimiwa simu hakupoteza namba yake ya kupigiwa. Alihamishia laini katika simu halali akaendelea na shughuli zake. La pili ni laini, yaani kadi ndogo iliyomo ndani ya simu. Nayo ikipotea au kuharibika hutolewa nyingine yenye namba ile ile. La tatu, lililo kubwa kuliko yote, ni usajili, unaoifunga namba kwa mtu.

Kifurushi nacho hufuata namba, si simu. Mwenye simu mbili akihamisha laini kutoka moja kwenda nyingine, dakika na data zilizosalia huhama pamoja nayo. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mteja anaweza hata kuhamia kampuni nyingine bila kubadili namba. Hata hivyo, salio na kifurushi havihami, hivyo inafaa avitumie kwanza na fedha zake azitoe.

Usajili wa sasa hufanyika kwa namba ya Kitambulisho cha Taifa na alama za vidole. Ulianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho wake uliopangwa kuwa 31 Desemba mwaka huo ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na uhakiki wa uraia huchukua muda. Wapo waliofikiwa na siku ya mwisho wakiwa bado hawana namba ya NIDA, wakaazima kidole cha ndugu au jirani ili laini zisifungwe. Ulikuwa msaada wa nia njema, lakini athari zake zingalipo.

Chukulia mfano wa mama mchuuzi wa dagaa ambaye laini yake ilisajiliwa kwa jina la mpwa wake. Mpwa amekwenda kutafuta maisha mbali. Simu ya mama inaibwa sokoni, na katika namba hiyo umo mtaji wake wote. Anafika katika duka la kampuni, anaombwa aweke kidole, na kidole chake hakitambuliki. Kwa mujibu wa kumbukumbu, fedha hizo ni za mpwa. Iwapo mpwa amefariki, suala huwa la mirathi, na anayeshughulikia ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama.

Hatari ipo upande wa pili pia. Aliyemwazima mwenzake kidole ndiye anayetambulika kuwa mwenye laini. Ikitumika kutuma ujumbe wa kitapeli, jina litakaloonekana kwanza ni lake, hata kama hajawahi kuishika simu hiyo.

Wahenga walinena, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la laini ni hili:

Kwanza, kila mkazi abonyeze *106# ahakiki jina lililosajiliwa na namba zote zilizo chini ya kitambulisho chake. Asiyoitambua aikane.

Pili, anayetumia laini yenye jina la mwingine aende pamoja na mhusika katika duka la kampuni, akiwa na namba yake ya NIDA, wabadilishe umiliki wakati wote wawili wangali wapo na wanapatana.

Tatu, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi asiye na namba ya NIDA aanzie kwa Mtendaji wa Mtaa wake kupata utambulisho, kisha afike ofisi ya NIDA.

Nne, simu ikipotea, mwenye laini aazime simu ya mwenzake wa kampuni ile ile, apige 100 laini ifungwe mara moja, kisha aende kuirudisha. Namba ya siri asimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040.

Simu mpya hununuliwa hata kwa kudunduliza. Mtaji uliofungwa katika jina la mtu asiyeonekana haununuliki. Kabla ya kushusha mtumbwi jioni ya leo, au kutandaza dagaa kesho asubuhi, dakika moja ya kubonyeza *106# inatosha kujua namba hiyo ni ya nani.